Nyumba ya mama, na maswali ya kuuliza kabla hela haijatumwa

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Niko jikoni kwangu hapa Reading, Uingereza, ndiyo nimerudi kazini, na kwenu huko najua mmeshakula chakula cha usiku. Leo sitawatembeza mtaani wala sokoni. Nataka tukae tuongee. Na naongea hasa na ninyi mlioko nyumbani: kaka, dada, wajomba, mashangazi, wote ambao sisi wa huku tunawapigia simu na kusema, "Hebu niangalizie nyumba."

Mwezi huu mama yangu na mdogo wangu wanazunguka Dar kutafuta nyumba. Mama ameishi kwenye nyumba za kupanga maisha yake yote, na sisi watoto watatu tumechanga ili uzeeni asigongewe mlango na mwenye nyumba. Kwa hiyo hili ninaloongea liko nyumbani kwetu sasa hivi.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinipigia video kutoka Goba. Nyumba vyumba vitatu, kimoja masta, sebule pana, vigae vinang'aa, dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Muuzaji alikuwa ameshafagia mpaka nje ya geti. Mimi nikaanza kuuliza: Umeme upo? Maji yapo? Gari linaingia? Kila kitu ndiyo. Kichwani nilikuwa nimeshaweka kochi la mama karibu na dirisha.

Mama hakuingia ndani. Alibaki nje anatazama kuta. Baadaye akamwambia mdogo wangu ageuze simu. "Mwanangu, tazama hapa." Kwenye ukuta wa jirani kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa rula, juu kidogo ya goti. Chini yake viroba vya mchanga, vingine vimeshaota majani. Ukuta wa nyumba inayouzwa haukuwa na mstari wowote, maana ulikuwa umepakwa rangi juzi juzi tu. Ukisogeza simu karibu unaona matone ya rangi kwenye majani.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na mama anakaanga vitumbua. Mama yangu akamsogelea, wakasalimiana, akanunua vya elfu moja, ndipo akamuuliza: "Mwenzangu, masika hapa mnaishije?" Yule mama akajibu bila kusita: "Dada yangu, masika hapa vitanda tunavipandisha juu ya matofali."

Basi. Ile nyumba ikaishia pale.

Jamani, swali la kwanza mtuulizie ni hilo la mama: masika mnaishije? Na msimuulize muuzaji wala dalali, muulizeni muuza vitumbua, fundi viatu, mtoto anayetoka shule. Na kama mnaweza, rudini pale mvua ikinyesha. Dar tunaijua. Desemba 2011 maji yalichukua watu na nyumba, walionusurika mabondeni wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Mkwajuni zikabomolewa, watu wakalala nje na magodoro yao. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mto unaouona leo ni kijito cha kuruka, ndio huo huo unaofurika masika.

Na kuna barabara. Sisi tuliokulia upande wa Kimara hatuwezi kuisahau 2017. Alama ya X nyekundu ukutani, halafu tingatinga. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka Kimara kwenda Kibaha ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Nilikuwa naangalia picha kwenye simu nikiwa kwenye basi kwenda kazini, naona maduka ninayoyajua, naona nyumba ambayo nilikuwa nacheza rede uani kwake, vyote vifusi. Wengi walikuwa wamejenga kwa jasho la miaka 20. Kwa hiyo mkiona nyumba nzuri karibu na barabara kuu, na bei imeshuka ghafla, ulizeni: hifadhi ya barabara inaishia wapi? Barabara nyingi kuu ni mita 30 kutoka katikati, lakini si zote, na jibu linatoka ofisini, halitoki mdomoni mwa dalali.

Sasa karatasi. Hapa ndipo tunapoumizwa sana.

Ukinunua nyumba Tanzania, ardhi yenyewe hununui. Ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, na muda huo umeandikwa kwenye hati: miaka 33, 66 au 99. Watu wanaona neno "ina hati" wanafurahi. Ulizeni imebaki miaka mingapi. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inafika mwisho 2028. Kuomba upya kunawezekana, lakini nani atahangaika, na je, kodi ya ardhi ya miaka yote imelipwa?

Kuna leseni ya makazi pia, hii ya maeneo ambayo hayajapimwa, ambayo muda wake hauzidi miaka 5. Na kuna ile karatasi ya kuuziana yenye muhuri wa serikali ya mtaa peke yake. Hivi ni vitu vitatu tofauti na dalali ataviita vyote "hati". Mimi sisemi nyumba isiyo na hati isinunuliwe. Sehemu kubwa ya Dar wanaishi hivyo, na mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye nyumba ya hivyo. Ila mjue mnachonunua, na bei ifanane na karatasi iliyopo.

Kama hati ipo, usitosheke kuishika mkononi. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, nenda kwa Msajili wa Hati, lipa ada, omba upekuzi. Majibu yatakuonesha jina la mwenye hati, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Halafu linganisha lile jina na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Hapa Uingereza nikitaka kujua nani anamiliki nyumba ya jirani nalipa pauni 7 kwenye mtandao, naipata hapo hapo, na hakuna anayeniona mbaya. Nyumbani mtu akiomba upekuzi anaambiwa, "Huniamini?" Ndugu zangu, mwambieni, "Nakuamini, ila hela si yangu, ni ya mtu aliye mbali." Aliye mkweli hatakasirika.

Naomba niwasimulie la kwangu, maana linaniuma mpaka leo. Miaka sita iliyopita nilipenda nyumba moja Tabata. Hati ipo, jina la muuzaji, upekuzi tumefanya, safi. Nikatuma milioni tano malipo ya awali. Hatukuuliza jambo moja: mke yuko wapi? Yule baba alikuwa amegombana na mkewe, mama wa watu amerudi kwao Tanga na watoto, na nyumba inauzwa nyuma ya mgongo wake. Alipopata habari akaenda kuweka zuio, na ana haki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Nilirudishiwa milioni mbili. Lakini kinachoniuma si zile tatu zilizopotea. Ni kwamba nilikaribia kumtoa mama na watoto wake ndani ya nyumba yao, kwa hela yangu ya zamu za usiku, na nisingejua.

Kwa hiyo mkifika, ulizeni: umeoa? Umeolewa? Mwenzako yuko wapi? Na mwenzake asaini, mbele ya wakili, akiwa mzima mbele ya macho yenu.

Nyumba ya marehemu hivyo hivyo. "Sisi ndugu tumekubaliana" haitoshi. Nani ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Karatasi ya mahakama iko wapi? Warithi wote wanajua? Kuna mtoto wa nje anaweza kujitokeza kesho, na ni mtoto wa marehemu kama wengine.

Gharama nitapita haraka: hesabuni wakili, ushuru wa stempu, ada za uhamisho, na mkubaliane kwa maandishi nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji. Na mita ya umeme ina jina la nani? Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo deni likiwepo mtalikuta humo.

Sasa niongee na wenzangu wa huku kidogo. Kama umechukua uraia wa nchi nyingine, Tanzania Bara sheria kwa miaka mingi ilikuhesabu mgeni, na mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mambo ya diaspora yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo muone wakili kwanza, pasipoti yako mkononi. Wengi tunakimbilia kuandika jina la kaka. Kaka ni mtu mwema, sina shaka. Lakini kaka ana mke, ana watoto, na kaka anaweza kutangulia. Siku hiyo hati ina jina lake, na mke wake akisema hii ni mali ya mume wangu, utamlaumu kwa lipi? Liongeeni leo mkiwa wote mna afya, mliandike, shemeji akiwepo.

Na ninyi mlioko nyumbani, neno langu kubwa ndilo hili. Najua mnaogopa. Ukisema "nyumba hii ina shida" mara tatu, sisi wa huku tunaanza kunong'ona kwamba hutaki nipate, au dalali hajakupa chako. Tumewahi kuwafanyia hivyo na tulikosea. Mdogo wangu alikiri wiki ile ya Goba: yeye mstari ule aliuona kabla ya mama. Alinyamaza kwa sababu aliniona ninavyofurahi kwenye simu. Nilikaa kimya muda mrefu, nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nakutegemea macho yako. Usinifurahishe, niambie." Tangu siku ile ameshaniambia hapana mara nne. Madale hapana, njia inapita ndani ya kiwanja cha mtu. Bunju hapana, hati iko benki. Nyingine mbili hakutaka hata kunionesha video, nikasema sawa.

Jana wamekwenda Kibada, Kigamboni. Nyumba ndogo, vyumba viwili, dari haijapigwa, rangi ya nje imepauka mpaka kila alama inaonekana. Mama ameongea na majirani watatu. Mke wa muuzaji ndiye aliyewafungulia geti, na ndiye aliyewatajia bei. Jumatatu mdogo wangu anapeleka maombi ya upekuzi, na bikoni za kiwanja, zile alama za mipaka, zitatafutwa na mpima siku hiyo hiyo. Hela yote bado iko kwenye akaunti yangu hapa Reading, na itakaa hapo mpaka majibu yarudi.