Jinsi ya Kusajili Anwani Ujerumani Ukiwa Umepanga Chumba cha Muda Mfupi

Karibuni. Leo tunashughulikia Anmeldung, yaani kusajili anwani Ujerumani, kwa mgeni aliyepanga chumba cha miezi michache. Ukikaa chini ya miezi mitatu na makazi yako yako nje ya nchi, sheria haikulazimishi. Lakini kama umekuja kufanya kazi au kusoma, utauhitaji usajili huu: ndio unaoleta namba ya kodi, na benki nyingi hudai cheti chake.

Anza kabla hujalipa chochote. Mwandikie anayekupangisha, umuulize waziwazi kama atakupa Wohnungsgeberbestätigung. Hiyo ni fomu ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Akikujibu "tutaona ukifika", hesabu kwamba amekataa, utafute chumba kingine. Wengi hukwepa kwa sababu wao wenyewe ni wapangaji na hawana ruhusa ya kupangisha.

Sasa tazama fomu hapa kwenye skrini. Iwe na jina na anwani ya anayekupangisha, anwani ya chumba, tarehe uliyohamia, na majina ya wote wanaosajiliwa. Mpangaji mkuu anaweza kusaini, ila jina la mwenye nyumba nalo liandikwe. Hapa ndipo watu hurudishwa: wanapeleka mkataba wa kupanga au risiti ya malipo ya mtandaoni, na ofisi ya usajili ya jiji haipokei badala ya fomu. Linganisha jina lako na pasipoti, herufi kwa herufi.

Kisha weka miadi na ofisi hiyo. Una wiki mbili tangu siku uliyohamia, na huwezi kujisajili kabla ya kuhamia. Katika miji mikubwa nafasi hujaa, kwa hiyo itafute mapema kwenye tovuti ya jiji, tena asubuhi, na ujaribu ofisi za mitaa yote, si ya mtaani kwako tu. Nafasi ikipatikana baada ya wiki mbili, hifadhi uthibitisho wa miadi. Kuchelewa kunaweza kukuletea faini ya hadi euro 1,000.

Siku hiyo beba pasipoti, fomu ya anayekupangisha na fomu ya usajili. Wenye ndoa au watoto wabebe vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Kipengele cha dini kijaze kwa makini: ukiandika Mkatoliki au Mlutheri utakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato, kutegemea jimbo.

Ukirudi, bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo. Namba ya kodi huja kwa posta baada ya wiki kadhaa, na jina lisipoonekana mleta barua huirudisha. Katika vyumba vya muda mfupi hili ndilo kosa linalosumbua kuliko yote.

Anayekupangisha akikataa kusaini baada ya kuhamia, iarifu ofisi mara moja. Sheria inamlazimisha anayekupangisha kutoa fomu hiyo. Usinunue anwani ya uongo. Anayeiuza anaweza kutozwa hadi euro 50,000, na wewe utakuwa umedanganya ofisi ya serikali.

Ukihamia chumba kingine, rudia hatua hizi zote. Ukiondoka nchini, jiondoe kwenye daftari kuanzia wiki moja kabla ya safari hadi wiki mbili baada yake.