Mlango Usiongoja Hodi: Dakika Kumi za Kwanza za Dracula

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo tutakaa na filamu moja, tena si yote: dakika kumi hivi za mwanzo za Dracula ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Tod Browning katika studio za Universal, mpigapicha akiwa Karl Freund. Swali letu ni hili: mtazamaji ambaye hajasoma hata bango la mlangoni anajuaje kwamba hii ni gothiki, na anajua lini?

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya iitwayo The Castle of Otranto, na toleo lake la pili akaliita hadithi ya kigothiki. Kwake neno hilo lilibeba mambo ya zama za kati: ngome, makaburi, kosa la babu linalomdai mjukuu. Maana hiyo haijahama sana. Filamu ya kutisha yaweza kutokea popote, hata ndani ya lifti. Ya gothiki inataka jengo lenye kumbukumbu, na mtu anayeliendea kwa miguu yake mwenyewe.

Hapo pana jambo linalotuhusu. Wengi wetu tukisikia habari za mnyonya damu tunamkumbuka mumiani. Lakini simulizi za mumiani, au za wazimamoto kama zilivyovuma Nairobi na Kampala enzi za ukoloni, zina mwendo wa kinyume. Mumiani ndiye anayekuja mtaani kwako usiku. Ana gari, ana mwajiri, yuko kazini. Dracula amekaa kwake, nyumba ni ya ukoo, na wewe ndiye unayepanda mlima. Kwa hiyo mwanzo wa filamu ya gothiki mara nyingi ni safari. Mwandishi anayefungua kwa jitu kuvunja dirisha la watu waliolala ameanza filamu ya namna nyingine, hata akitia ukungu na mishumaa.

Sasa tazameni pazia.

Majina yanapita juu ya mchoro wa popo, na muziki ni kipande cha Swan Lake cha Tchaikovsky. Kisha muziki unakoma, tunabaki na magurudumu. Gari la farasi linakimbia njia ya milimani. Ndani yake msichana mwenye miwani anasoma kwa sauti kijitabu cha watalii: vilele vikali, ngome za kale zilizobomoka. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya filamu nzima. Angalieni ufundi wake. Tunaelezwa mahali, tunatajiwa ngome, tunatajiwa ukale, na anayetueleza haogopi chochote. Gari linaruka kwenye shimo, usomaji unakatika.

Abiria mmoja, mgeni, anaomba mwendo upunguzwe. Huyo ni Renfield. Mwenyeji aliyekaa karibu naye anakataa katakata: lazima wafike nyumba ya wageni kabla jua halijazama, kwani huu ni usiku wa Walpurgis, usiku wa maovu. Sasa tuna elimu mbili ndani ya gari moja, ya kijitabu na ya wenyeji, na kijitabu hakisemi lolote kuhusu saa ya kufunga milango. Filamu ingeweza kumtumia msimulizi wa kutueleza yote. Ingetuondolea shughuli ya kuchagua nani wa kumwamini, na shughuli hiyo ndiyo inayotuvuta.

Kwenye nyumba ya wageni wanawake wamepiga magoti wanasali. Mwenye nyumba anamwambia Renfield habari za ngome, za wake wa Dracula, za majeneza. Renfield anatabasamu kwa adabu na kusema ana miadi saa sita usiku. Jua linazama. Mwanamke anamvika msalaba, akimwomba auvae kwa ajili ya mama yake. Kaeni na msalaba huo kidogo. Ni kitu kidogo, kinashikika, kina mnyororo. Imani ya kijiji kizima imewekwa kwenye kitu ambacho mwigizaji anaweza kukitia shingoni, na baadaye kamera itakihitaji. Mwandishi wa mwanzo wa gothiki ajiulize mapema: kitu changu cha mkononi ni kipi? Hofu isiyo na kitu cha kushika hubaki maelezo.

Halafu, ghafla, tunakatiwa kwenda chini ya ngome. Kifuniko cha jeneza kinasogea, mkono unatoka. Baadaye Bela Lugosi, mwigizaji wa Dracula, amesimama tu, ametulia, na kamera inamsogelea. Wengine husema hili ni kosa, kwamba mnyonya damu ameonyeshwa kabla ya wakati. Sikubaliani. Tunachoonyeshwa ni mkono na mtu aliyesimama, bila tendo. Faida yake ni kubwa: kuanzia hapo sisi tunajua, Renfield hajui. Hofu inaacha kuuliza kuna nini kule, inauliza atajua lini. Nisichokubali mle ni wale armadilo, wanyama wenye gamba wanaofanana na kakakuona, wanaoonekana karibu na majeneza. Armadilo ni mnyama wa mabara ya Amerika, na mtazamaji anayemfahamu huacha kuogopa akaanza kushangaa amefikaje milima ya Transylvania. Mnyama wa kutisha asitambulike haraka, au awe wa mahali pale kabisa.

Njia panda, saa sita usiku. Gari la kwanza linamshusha Renfield na kukimbia. Gari la pili linamngoja, dereva wake hasemi. Njiani Renfield anachungulia nje ili alalamikie mwendo, na mahali pa dereva hakuna mtu, kuna popo anayeruka juu ya farasi. Hesabuni alichopoteza kila alipovuka: abiria wenzake, jua, dereva aliyemfahamu, na sasa dereva yeyote. Mwanzo mzuri wa gothiki una vizingiti kama hivi, vinne au vitano, na kila kizingiti kinamnyang'anya msafiri kitu kimoja, si viwili. Ukimnyang'anya vyote kwa mkupuo mmoja, hutabakiwa na ngazi ya kupanda.

Kisha mlango. Kwetu mtu hupiga hodi, hungoja, huitikiwa karibu, ndipo huingia. Mlango wa ngome unafunguka wenyewe, unalia, kabla mgeni hajasema neno. Renfield anaingia bila karibu ya mtu. Ukumbi ni mkubwa mno: tazameni alivyo mdogo chini ya fremu, na jinsi ngazi na utando wa buibui vilivyochukua sehemu iliyobaki. Dracula anashuka na mshumaa mmoja, anajitaja jina, ndipo anamkaribisha. Karibu imechelewa, mgeni yuko ndani tayari. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa methali hiyo imechukuliwa neno kwa neno, na mwenyeji atapona kwa damu.

Mbwa mwitu wanalia nje. Dracula anapanda ngazi na tunamwona upande wa pili wa utando, nao haujakatika. Renfield inambidi aupasue kwa fimbo. Hatumwoni Dracula akipita. Ni mkato tu: Dracula, kisha uso wa Renfield, kisha Dracula akiwa ng'ambo. Gharama yake ni shoti moja ya uso.

Sasa sauti. Baada ya majina, filamu hii karibu haina muziki. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya filamu za sauti, na ukimya ule umebaki kuwa nguvu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtunzi Mmarekani Philip Glass aliitungia muziki mpya, ukapigwa na Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi. Ni muziki mzuri, ila tukiuweka, kilio cha mbwa mwitu kinakuwa sauti moja kati ya nyingi. Bila muziki, kilio kile kinaingia kwenye nafasi tupu na kuijaza.

Kuna ushahidi mwingine wa thamani. Universal walipiga toleo la Kihispania kwenye seti hizohizo, usiku, watu wa mchana wakiisha kuondoka. Aliliongoza George Melford, na Dracula ni Carlos Villarías. Tukio la ngazi ni lilelile, lakini kamera ya Melford inaruka kupanda ngazi kumwendea Dracula, wakati ya Browning inamngoja chini. Ya Melford inasisimua zaidi. Ya Browning inatuacha mahali pa mgeni, na kwa mwanzo wa gothiki napendelea kuachwa pale.

Studio ya Hammer ya Uingereza walipoirudia hadithi mwaka 1958, chini ya Terence Fisher, walikuwa na rangi. Majina mekundu yanapita juu ya tai wa jiwe, kamera inashuka kaburini, na damu nyekundu inadondokea jeneza lenye jina. Msafiri wao, Harker, anafika akijua, amekuja kumwua mwenyeji. Kwa hiyo wameacha kijitabu cha watalii, na badala yake kuna shajara yake anayotusomea: ndege hawaimbi, baridi imezidi ghafla. Hofu ya mgeni asiyejua imepunguzwa, damu imepewa nafasi yake.

Kwenu mnaotengeneza, nina machache ya kazi.

Giza la gothiki hupigwa kwa taa nyingi kuliko mnavyodhani. Ukipunguza mwanga wote na kutegemea kamera, video ikibanwa kwa ajili ya simu weusi utavunjika mirabamiraba. Angaza ukuta wa nyuma, acha mtu awe kivuli mbele yake. Moshi uangazwe kutoka nyuma. Ukiuangaza kutoka upande wa kamera unapata ukuta mweupe na jengo linapotea. Mshumaa pekee hautoshi uso. Ficha taa ndogo ya rangi ya joto nje ya fremu, upande uleule wa mshumaa, na iyumbe kidogo.

Tumia lenzi pana, milimita 24 au 28, mtu asizidi theluthi ya kimo cha fremu mara ya kwanza anapoliona jengo. Shikilia shoti hiyo sekunde nane, hata mhariri akikosa subira. Rekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba chenyewe, kwa sababu ukimya wa kompyuta ni shimo na masikio hulitambua. Na kishindo cha kushtua kisiingie dakika za kwanza. Kikiingia, mtazamaji hujifunza kungojea kingine na huacha kutazama pembe za fremu, na pembe hizo ndizo mlizojenga kwa jasho.

Sasa tutazime taa na kuirudia. Mara ya kwanza bila sauti, hesabuni vizingiti. Mara ya pili kwa sauti, macho yamefumbwa, na kila mtu aandike alipousikia mlango.