Saturesheni iacheni mwisho

Haya, wa nyuma sogeeni mbele. Picha za mandhari mlizoleta karibu zote majani yana kijani cha ndoo ya plastiki. Nimeshasema sijui mara ngapi na leo narudia: mkiediti, waiti balansi kwanza, yaani kusawazisha rangi ya mwanga, saturesheni, yaani kukoleza rangi, mwisho kabisa.

Nilikuwa Moshi, saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejifunua haina hata wingu, theluji imepigwa na jua imekuwa pinki, na ile rangi inakaa dakika chache tu maana huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima, halimsubiri mtu anayebadilisha lensi. Nikapiga JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaimaliza na kuibana, waiti balansi nimeiacha kwenye oto, kamera ijiamulie. Sasa oto kazi yake nini? Ikiona wekundu inauondoa, mapambazuko inayachukulia kama taa ya balbu! Nafika nyumbani theluji nyeupe pee. Nikavuta saturesheni, nikavuta tena, pinki haikurudi, kilichokuja ni anga limekatika mistari mistari na migomba inawaka. Nikamwonyesha mama mmoja mzaliwa wa Marangu, akaniuliza, "Mwanangu, huu mlima wa wapi?" Iliniuma, kwa sababu ule mwanga niliuona kwa macho yangu.

Na ile mistari ina sababu. JPEG inakupa ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW, yaani faili ghafi la kamera, ya biti 14 ina ngazi 16,384, ukiivuta haichaniki ovyo. Kwa hiyo pigeni RAW, waiti balansi wekeni alama ya jua, kama Kelvini 5,500 hivi, kipimo cha rangi ya mwanga, asubuhi ibaki asubuhi.

Najua kuna mtu hapo anasema mwalimu, kuediti si uongo? Hapana bwana! JPEG yenyewe kamera imeshaiediti kabla hujaiona, na wa filamu toka 1990 walikuwa wananunua Velvia ya Fujifilm kwa sababu inakoleza rangi. Mimi nauliza kitu kimoja, uliposimama pale uliona nini?

Majani yakizidi kuwaka msikimbilie slaida ya kijani, kile kitufe cha kuvuta kwenye programu ya kuediti, shusheni ya njano, nyasi zina njano nyingi kuliko mnavyodhani. Mwanga wa skrini punguzeni, za kuposti toeni kwa sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa mtandaoni, zisifubae kwenye simu za watu. Machweo na vivuli tutafanya wiki ijayo, muda umeniishia. Fungueni laptop, nani ana RAW ya leo asubuhi?