Kunguru Wawili wa Einsiedeln: Nembo ya Nani?

Ndugu zangu, hili nimeshalisema sana na leo nalirudia, kwa sababu picha tunazoletewa kutoka Einsiedeln, Uswisi, ni zile zile: minara miwili, Bikira Maria Mweusi, na mpiga picha mwenyewe katikati anachekelea. Nembo haina mwenyewe.

Iangalieni basi. Ngao ya dhahabu, kunguru wawili weusi wanaruka. Ni nembo ya mji, na ni nembo ya abasia, yaani monasteri ya watawa Wabenedikto iliyopo hapo. Waliosoma Ndanda au Peramiho wanawajua Wabenedikto, sina haja ya kuwaeleza.

Naona mzee wangu pale nyuma anaguna: kunguru? Ndege wa mkosi, mwizi wa mandazi? Huyo wako, mzee, ni kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, akaona pamenoga, akabaki. Wa Uswisi asibebeshwe makosa yake. Huyu ni shahidi. Mapokeo yanasema Meinrad, mtawa aliyeishi peke yake msituni, aliwapokea wageni wawili, akawakirimu, nao wakamuua. Ilikuwa mwaka 861. Kunguru aliowalea wakawaandama wauaji mpaka Zürich, wanapiga kelele, wanawadonoa vichwani, hadi watu wakashtuka na kuwakamata. Polisi hakuna, kamera hakuna! Mtaniambia ni hadithi tu. Sawa, hadithi. Lakini hadithi ikishapanda kwenye ngao, ulizeni ni nani aliyeipandisha na alikuwa anatafuta nini.

Abasia ilianzishwa mwaka 934, pale pale alipoishi Meinrad. Tangu 1274 abate wake, mkuu wa watawa hao, alikuwa na cheo cha mwanamfalme katika Dola Takatifu la Roma, himaya kubwa ya Ulaya ya Kati enzi hizo. Si padre wa kubariki rozari tu: ardhi yake, hukumu yake. Wafugaji wa Schwyz, majirani zake, waligombania naye malisho na misitu kwa zaidi ya miaka mia mbili, na usiku mmoja wa Januari 1314 wakaivamia abasia na kuipora. Kwa hiyo penye kunguru, mfugaji alielewa: hapa pana mwenyewe. Mwaka 1798 wakaja Wafaransa, wakapora nao, na ubwana wa abate ukaishia hapo. Ungedhani wananchi wangewafukuza na kunguru wake. Wapi! Mpaka leo wako kwenye ngao ya mji. Na mimi nasema wamefanya vizuri, maana aliyewalea kunguru ni Meinrad, hakuwa na shamba wala mahakama.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Baroko, basi, ule mtindo wa majengo yenye mapambo mengi, mbiombio: ujenzi wa abasia mpya ulianza 1704 kwa michoro ya Caspar Moosbrugger, bruda wa abasia hiyo hiyo, aliyefariki 1723 kazi haijaisha. Ndani ya kanisa walipamba ndugu wawili wa ukoo wa Asam kutoka Bavaria, na likatabarukiwa 1735. Picha za dari nilizokuja nazo zinabaki mkobani. Haya, maswali.