Siku Pangani Ilipomkataa Sultani
(Mhadhara uliotolewa Tanga mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Mkataba wa Aprili 1888 mnaujua: Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50, forodha na ushuru ndani yake. Mimi nataka tukae Pangani, kwenye bendera, maana pale ndipo watu walipomkataa Sultani mwenyewe. Nimelisema hili mara nyingi, na nitalisema mpaka watoto wetu wafundishwe sawasawa.

Agosti mwaka ule Emil von Zelewski yuko Pangani kwa niaba ya kampuni. Anataka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali, mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani, anakataa. Zelewski anaita askari kutoka manowari ya Kijerumani, nao wanashuka. Habari inaenea pwani nzima: Wajerumani wameingia msikitini na mbwa, tena siku za Idi ya kuchinja!

Hebu nisikilizeni hapa. Hadi wakati huo watu wana hasira, lakini bado wako upande wa Sultani. Bendera yake nyekundu ndiyo wanayoitetea. Hayo ni malalamiko, hata kama mlalamikaji ameshika bunduki.

Septemba wanawazingira wale maofisa wa kampuni ndani ya nyumba. Sultani anamtuma jemadari wake, Lloyd Mathews, pamoja na askari, aje kutuliza. Wajerumani wanaondolewa salama. Halafu? Mathews, aliyekuja kwa jina la Sultani, naye anafukuzwa! Ni wiki chache tu zimepita. Watu waliosimama kwa ajili ya bendera sasa wanamwona mwenye bendera ndiye aliyewauza. Hapo ndipo ghasia zilipogeuka. Aliyekuwa akipelekewa malalamiko hayupo tena, na mji lazima ujiulize nani atautawala.

Najua kuna atakayesema: hao walikuwa Waarabu wakitetea biashara ya watumwa. Nani alitufundisha hivyo? Ni maneno ya Berlin, yaliyosaidia bunge lao kutoa marki milioni 2 za vita mwanzoni mwa 1889. Waliojaa Pangani walikuwa Wazigua, wapagazi, watu wa mashamba, hata watumwa waliotoroka. Matajiri wengi wa Kiarabu na Kihindi waliziogopa ghasia zile kuliko walivyomwogopa Mjerumani. Kuita vita vile "uasi wa Waarabu" ni kuwanyang'anya babu zetu kazi yao, na inanikera kuikuta bado katika Kiswahili chetu wenyewe.

Abushiri bin Salim? Shujaa, sibishi. Lakini moto aliukuta unawaka, akaupa uongozi. Wajerumani walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Nilitaka niingie Bagamoyo, kwenye boma la Abushiri ambalo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alilivunja Mei 1889, na Saadani, ambako Bwana Heri alishikilia hadi 1890. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi tuanze na maswali, na nianze na yule kijana wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Mathews.