Nyota, trei ya zebaki na saa isiyoaminika

Asanteni. Kabla sijafungua sanduku hili, mzee pale nyuma ameniuliza kwa nini tusitumie Nyota ya Kaskazini kujua latitudo yetu, yaani tuko umbali gani kutoka ikweta. Mzee wangu, kimo chake angani hulingana na latitudo yako, nasi Kisumu tuko dakika 6 tu za digrii (digrii moja ina dakika 60) kusini mwa ikweta. Kwetu imelala chini kabisa, nyuma ya vilima vya Maragoli.

Hii ni sekstanti, kifaa cha kupima pembe kwa vioo. Baharini unaishusha nyota hadi iguse mstari wa maji. Bara hakuna mstari huo, kwa hiyo wapimaji walibeba trei ya zebaki. Nyota unaiona juu, unaiona tena kwenye zebaki, unazikutanisha ndani ya darubini, kisha pembe unaigawa kwa mbili. Upepo wa ziwa ukivuma, zebaki hutetemeka na nyota inacheza kama mlevi. Ndiyo maana trei hufunikwa na kijumba hiki cha vioo.

Sasa mtego. Sekstanti husoma hadi digrii 120 hivi. Nusu yake ni 60. Zile nyota tatu zilizojipanga mstari, zinazotupita utosini Februari hii, haziwezi kupimwa kwa trei! Chukua jozi ya nyota za chini zaidi. Capella hufika kileleni upande wa kaskazini, digrii 44 hivi. Saa moja na ushee baadaye Canopus hufika kileleni kusini, digrii 37 na kitu. Kifaa kikizidisha pembe, Capella itakusukuma kaskazini, Canopus itakurudisha kusini. Chukua wastani, kosa limeliwa.

Latitudo, basi, ni kazi ya jioni moja. Longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi kutoka Greenwich, Uingereza, ndiyo iliyowatoa watu jasho, maana longitudo ni saa: tofauti kati ya saa ya hapa na saa ya Greenwich. Saa ikikosea sekunde 4, umepotea karibu kilomita 1.85. Dakika nzima ni kilomita 28: umeketi hapa Kisumu, daftari linasema umeshapita Maseno. Hebu fikiria saa iliyotikiswa njia nzima kutoka pwani! Wengine waliigeukia mbalamwezi, ambayo kila saa husogea kati ya nyota kiasi cha upana wake. Ukipima umbali wake na nyota fulani, almanaka, kitabu cha majedwali ya nyota na mwezi, hukupa saa ya Greenwich. Lakini kosea dakika 1 ya digrii, umepotea zaidi ya kilomita 50.

Capella iko kileleni saa tatu kasorobo. Twendeni nje, na mwenye simu aizime mwanga.