Pipi za Krismasi na Mlima Wetu

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo? Waliotoka Rungwe, ugonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Nimeombwa nizungumzie pipi za kutengeneza nyumbani, za kuwapa watu zawadi na za kuweka mezani wageni wakija siku ya sikukuu. Jiko lipo hapo nyuma na mkaa umeshaanza kushika, kwa hiyo salamu nazikatia hapo.

Nianze na linalowasumbua wengi. Mtu amepata kwenye simu maelekezo ya tofi laini ya maziwa. Aliyeyaandika yuko Dar es Salaam, au yuko Marekani. Mwenzetu amenunua na kipimajoto. Imeandikwa pika mpaka nyuzi 114, naye anafikisha 114 kamili, anaepua, anamimina, anasubiri ipoe. Anachopata ni tofi ya kung'oa meno. Analaumu sukari, analaumu muuza duka, anamlaumu mpaka shemeji aliyepita jikoni akafunua sufuria. Kumbe mwenye kosa ni mlima.

Dar es Salaam iko usawa wa bahari, maji yake yanachemka kwa nyuzi 100. Hapa Mbeya mjini tuko juu karibu mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi. Njombe wako juu zaidi yetu, kwao yanachemka mapema zaidi. Ukiteremka Kyela kule ziwani unarudi kwenye 98. Hesabu ya kukadiria ni hii: kila mita 300 unazopanda, ondoa nyuzi 1.

Sasa shira ni nini? Ni sukari na maji. Inavyochemka maji yanatoka, sukari inabaki, na joto linapanda kwa sababu maji yamepungua. Anayesoma kipimajoto anasoma kiasi cha maji kilichobaki humo ndani. Shira ya tofi laini ina sukari kama asilimia 85. Shira ya pipi ngumu ya kuvunjika ina sukari kama asilimia 99, maji ni kama hayamo. Huku kwetu maji yanaondoka joto likiwa bado chini, kwa hiyo ukingoja namba ya mtu wa pwani utakuwa umekausha kupita kiasi.

Dawa yake haina gharama. Kabla hujapika, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, soma. Kikikuambia 94, basi kwenye kila namba ya maelekezo toa 6. Ile 114 inakuwa 108. Fanya hivyo kila unaponunua kipimajoto kipya, maana vingine vinatoka dukani vikiwa vinadanganya.

Mkato huo lakini haugusi rangi. Sukari kugeuka kahawia ni kazi ya joto lenyewe, inaanza kwenye nyuzi 160 na kuendelea, iwe Mbeya iwe Tanga. Ukitaka ile rangi ya dhahabu na harufu yake, tumia macho na pua. Ndiyo maana nawasihi msipikie sukari kwenye sufuria nyeusi ndani. Huoni kitu, unakuja kushtuliwa na moshi.

Mimi mwenyewe kipimajoto ninacho, na mara nyingi nakiacha kabatini. Natumia bakuli la maji baridi. Kila mpika pipi wa zamani alitumia bakuli la maji baridi, na uzuri wake ni kwamba halijui mita wala mlima. Sogeeni mbele kidogo mwone.

Naepua sufuria kwanza, kwa sababu nikiiacha motoni wakati napima, shira inaendelea kupikika bila mimi. Nachota ncha ya kijiko, nadondosha kwenye maji. Tone la kwanza limetawanyika, maji yamekuwa na ukungu: bado. Narudisha motoni, nasubiri kidogo, naepua, nadondosha tena. Sasa limekwenda chini na mkia kama uzi. Bado, ila linakuja. Ngoja... Hili limekaa chini kama donge. Naingiza vidole, nalikusanya. Linakubali kuviringika, nikilitoa nje ya maji linalala, linakuwa bapa lenyewe kwenye kidole. Hapo ndipo pa tofi laini ya maziwa, simama. Ukiendelea, donge litasimama bila kulala, ukilibonyeza linabonyea kwa shida. Hapo ni tofi ya kutafuna. Ukiendelea zaidi, tone likigusa maji linalia *ta!* Unalitoa, unalikunja, linavunjika kama kioo. Hiyo ndiyo ya karanga ngumu. Maji yawe baridi kweli na uyabadilishe kila mara. Desemba yetu maji ya bombani yanatosha. Ndugu zetu wa Kyela waweke barafu.

Na kwa kuwa nimeingiza vidole mbele ya watoto, niseme wazi: nimevitia kwenye maji, sikuvitia kwenye shira. Shira ya nyuzi 150 inaunguza kuliko maji ya moto, na tena inanata, haidondoki. Watoto wakae mbali na jiko. Mtu akiungua, mkono uwe chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta, hakuna unga.

Haya, karanga ngumu. Sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, kijiko cha chai cha maji ya limau, karanga vikombe viwili, siagi kijiko kimoja kikubwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Karanga zikaangwe kwanza, zimenywe, na kabla ya hapo zichaguliwe. Punje iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Msiseme moto utaisafisha, kwa sababu kukaanga hakuondoi sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu. Karanga nzuri zinatoka hapo Songwe tu, hatuna sababu ya kubeba takataka.

Sukari, maji na limau viende jikoni pamoja. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, *kabla* haijachemka. Ikishachemka, mwiko weka chini. Funika sufuria dakika mbili tatu, mvuke uoshe zile chembe zilizoganda pembeni. Chembe moja ya sukari ikidondoka kwenye shira iliyoiva inaziita nyingine zote, na sufuria nzima inageuka mchanga mbele ya macho yako. Limau liko hapo kwa kazi hiyo hiyo: uchachu wake unaipasua sukari kidogo, chembe zinashindwa kupangana. Ikilia *ta* na kupata rangi ya chai ya rangi isiyokolea, mwaga karanga zikiwa za moto, siagi na chumvi, geuza haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Sambaza kwa mwiko. Ukitaka vipande vya kupangika, kata ingali vuguvugu kwa kisu chenye mafuta. Mimi napenda kuiacha ipoe na kuivunja ovyo. Inapendeza zaidi kwenye kopo.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu ile shira ya mahindi inayotajwa kwenye maelekezo ya Wamarekani. Kazi yake ni kuzuia chembe, basi. Limau linafanya, asali inafanya, glukosi ya unga ya dukani inafanya. Ila tusikilizane: Desemba kwetu ni mvua, na asali inavuta unyevu hewani. Limau likizidi nalo linaleta shida hiyo hiyo. Pipi uliyoiacha sahanini usiku, asubuhi inatoka jasho na kunata. Kwa hiyo siku ya mvua punguza asali na limau, pika nyuzi moja au mbili zaidi, na ikipoa tu ifungie. Ukisema nitaifungia kesho, kesho utafunga gundi.

Karanga za sukari, zile za kwenye vikaratasi mnazozijua, nazipita haraka, kwa sababu hapo sheria inageuka. Sukari kikombe, maji nusu, karanga vikombe viwili, limau usitie, na koroga bila kuacha mpaka mwisho. Chembe tulizokuwa tunazikimbia, hapa tunazitaka. Sukari itakauka iwe unga mweupe umezivaa karanga. Punguza moto, endelea kugeuza mpaka zing'ae kidogo. Ni zawadi ya bei nafuu kuliko zote na haina namna ya kukushinda.

Tofi ya maziwa ndiyo ninayoipenda mimi, na sisi wa Nyanda za Juu hatuna kisingizio, maana Rungwe maziwa yapo. Aina hii ya tofi, ile ya kuyeyuka mdomoni, Marekani ilisambazwa na wanafunzi wa kike wa vyuo miaka ya 1880. Mmoja wao alipika nyingi mwaka 1888 kwa ajili ya mnada wa chuo cha Vassar. Walikuwa wanapika usiku mabwenini. Mabinti mnaocheka hapo mbele, sijawaambia mkafanye hivyo.

Lita moja ya maziwa mazima, sukari gramu 400, siagi vijiko viwili vikubwa, iliki ukipenda. Sufuria iwe pana na nzito. Moto wa wastani, na hapa ni kukoroga, zaidi ya saa moja, tena ukikwangua chini. Anayetumia mkaa asijaze jiko. Makaa machache, na mlango wa jiko uwe karibu kufungwa. Maziwa yatapungua, yatakuwa mazito, yatapata rangi ya krimu. Pima kwenye maji baridi. Ukipata donge la kulala, epua, tia siagi, na sasa jambo gumu kuliko yote: *usiguse*. Acha mpaka ukiweka kiganja chini ya sufuria unahisi vuguvugu tu. Ukikoroga ikiwa ya moto, chembe zinakuwa kubwa na ulimi unahisi mchanga. Ukingoja, halafu ukaipiga kwa mwiko kwa nguvu, zinakuwa nyingi na ndogo mno, ulimi hauzioni. Piga mpaka ule mng'ao upotee. Ukipotea tu, mimina hapo hapo, haitakusubiri.

Kwa wenye watoto wanaotaka kushiriki, kuna pipi zisizoona moto. Siagi ya karanga kikombe, asali nusu kikombe, unga wa maziwa kikombe au zaidi mpaka ishikane. Wavingirishe vidonge, wavibiringishe kwenye nazi iliyokaushwa au ufuta uliokaangwa. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe kwa sababu ya asali, na walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima wala pipi ngumu, zinakaba koo.

Chokoleti nitaigusa tu. Kakao yetu inatoka Kyela, jirani kabisa, na baridi ya Mbeya inaipenda chokoleti kuliko joto la Dar. Ukiyeyusha ya kipande juu ya bakuli la maji ya moto, chunga hata tone la maji lisiingie, itagandamana isifae tena kupakia. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, kwa hiyo cha kuchekesha ni kwamba shangazi aliyeko Kyela, kakao inakotoka, ndiye usiyempelekea chokoleti kwa basi. Mpelekee karanga ngumu.

Ufungaji. Pipi ngumu na tofi laini zisilale kopo moja: unyevu unahama kutoka kwenye laini kwenda kwenye ngumu, na zote mbili zinaharibika. Kila tofi ivikwe karatasi yake. Makopo ya maziwa ya unga yaliyooshwa na kukaushwa vizuri ni bora kuliko maboksi mazuri ya dukani yasiyofunga. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata isingepigwa, zawadi ndani ya rambo ni kumdharau mtu. Sisi tuna vikapu vya Iringa, vile vya milulu. Chukua kidogo cha ukubwa wa viganja viwili, weka kopo ndani, funga utepe. Pipi zikiisha mtu anabaki na kikapu. Na andika kwenye kikaratasi kama mna karanga, wapo zinaowadhuru.

Kijana ameuliza aanze lini. Karanga ngumu, kwenye kopo lililofungwa vizuri, zinakaa wiki mbili hata tatu, kwa hiyo anza nazo katikati ya mwezi, siku isiyo na mvua ukiipata. Za sukari zifuate. Tofi ya maziwa ipike wiki ya Krismasi yenyewe, na vidonge vya asali mkesha wake, watoto wakiwa nyumbani na wewe unahitaji kuwashughulisha.

Na sukari ikikugandia ikawa mchanga, usiimwage. Ongeza maji robo kikombe, limau matone machache, rudisha moto mdogo mpaka iyeyuke yote, kisha anza kupima upya. Karanga zikiwa zimeshaingia, hapo umeshapata karanga za sukari. Badilisha jina kwenye kikaratasi.

Mkaa umekolea. Naomba wawili wenye aproni waje, mmoja ashike bakuli la maji, mmoja anipakie sinia mafuta.